Mefiboshethi Alipokuwa Mtu Mzima

Somo: Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 9



Habari ya Mefiboshethi wengi wetu twaijua tangu Shule ya Jumapili. Alikuwa mwana wa Yonathani, mjukuu wa Sauli. Siku ile habari za vita zilipofika kutoka Yezreeli alikuwa na umri wa miaka mitano. Yaya wake akamchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Walimu wetu waliishia hapo. Tukamhurumia mtoto, tukaimba, tukaenda zetu nyumbani.

Lakini mlango wa 9 hauna habari za mtoto. Daudi anapouliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli apate kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani, anayeletwa mbele yake ni mtu mzima, tena ana mwana mdogo jina lake Mika. Miaka imepita. Yule aliyeangushwa amekua, ana ndevu, anakaa katika nyumba ya mtu huko Lo-debari, na wakubwa wa Yerusalemu hawana habari naye. Ilibidi mfalme amwite Siba, mtumishi wa zamani, ndipo ajue kwamba yuko, na mahali alipo.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya neno aliloniambia mama mmoja wa mtaa wetu siku za Kwaresima. Mwanawe amepita miaka thelathini. Maneno anayosema hayafiki ishirini. Hupenda kupanga vifuniko vya soda kwa safu, na mtu akivivuruga hulia kama amefiwa. Mama akasema, “Baba Padre, kila Jumapili watu wananiombea nipewe nguvu za kumlea. Nguvu ninazo. Mimi nataka mniambie, nikifa, huyu atakula kwa nani?”

Hali aliyo nayo kijana yule siku hizi huitwa usonji. Madaktari wameeleza kwamba mtu huzaliwa nayo. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu tumboni, na kwa sehemu kubwa hutokana na chembe za urithi. Haiji kwa chanjo. Si adhabu ya dhambi ya wazazi, na Bwana wetu alikwisha kulijibu swali hilo kwa habari ya kipofu aliyezaliwa hivyo. Wala si pepo. Nalisema hili wazi kwa kuwa najua wako watu wa mtaa huu waliowachukua vijana wao kwenye mikesha wakashikwa mikono na miguu, wakapigiwa kelele masikioni usiku kucha, na wengi wa vijana hao kelele huwaumiza kama moto. Sala ya kuwekea mikono ipo katika Kanisa letu, nayo ni ya upole. Kumfunga mtu kamba si sala.

Usonji hauna sura moja. Yuko asiyesema kabisa maisha yake yote, na yuko Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, aliyechelewa kusema, akaja kuwa profesa wa elimu ya mifugo. Kwa hiyo mtu asinijie akasema, “Padre, wa kwetu hayuko hivyo.” Huenda hayuko hivyo. Jambo wanaloshirikiana ni kwamba wote hukua. Tumezoea kusema “watoto wenye usonji” kana kwamba wakifika miaka kumi na minane huyeyuka. Shule zikiwapo, ni za watoto. Wafadhili huja na picha za watoto. Mtoto anayekupungia mkono kanisani watu humchekea. Akiwa na miaka thelathini na mabega mapana akafanya vile vile, akina mama huvuta mikoba yao.

Sasa nataka kuwapeni habari za mtu mmoja, kwa maana maisha yake yanajulikana tangu utoto hata kaburini, na ni wachache wa namna hii ambao maisha yao yameandikwa hivyo. Jina lake Donald Triplett. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo uitwao Forest, katika jimbo la Mississippi, huko Marekani. Alikuwa mtoto asiyejali kama mama yupo au hayupo, aliyependa kuzungusha vitu na kurudia maneno yale yale, lakini akili yake ya namba ilikuwa ya ajabu. Akiwa na miaka mitatu na kitu, mwaka 1937, wazazi wake walishauriwa na madaktari wamweke katika nyumba ya kulelea watoto mbali na kwao. Wakamweka. Huko akanyamaza, akakaa tu. Baada ya mwaka mmoja hivi, ijapokuwa mkubwa wa nyumba ile aliwasihi wamwache, wazazi wakaenda wakamchukua mtoto wao wakarudi naye nyumbani. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, akaandika barua ndefu ya kurasa 33 kwa daktari mmoja wa watoto mjini Baltimore, Leo Kanner. Mwaka 1943 Kanner akatoa makala juu ya watoto 11 wa namna ile, na wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald. Kwa hiyo ndiye mtu wa kwanza aliyepewa jina la ugonjwa huo, kama walivyouita wakati ule.

Lakini jambo ninalotaka mlitazame si daktari. Mwaka 1942 wazazi walimpeleka Donald, mwenye miaka tisa, akae na mkulima mmoja na mkewe, maili kama kumi kutoka nyumbani. Hawakuwa na mtoto. Kanner alipokwenda kuwatembelea mwaka 1945 alishangaa kwa busara yao. Donald alikuwa na tabia ya kuhesabu mistari ya mahindi bila kukoma. Wangeweza kumkataza, wakampa jembe la kukokotwa na farasi, ahesabu mistari huku akiilima; na alimgeuza farasi vizuri mwisho wa kila mstari. Alikuwa na tamaa ya kupima vitu, wakamwachia achimbe kisima, apime kina chake. Aliokota ndege na wadudu waliokufa, wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi. Akaweka kibao kwa kila kimoja, akaandika jina, na aina ya mnyama, na mwisho jina la ukoo wa yule mkulima, kana kwamba hata konokono aliyekufa alikuwa mtu wa nyumba ile.

Hakuna shahada ya udaktari katika nyumba ile, ndugu zangu. Kulikuwa na watu wawili waliomtazama mtoto mpaka wakajua anataka nini, kisha wakaitafutia kazi ile haja yake.

Donald akaenda shule ya sekondari ya mji wake. Husimuliwa kwamba vijana walimtaka akisie idadi ya matofali ya ukuta wa shule, akautupia jicho mara moja, akataja namba, nao wakastaajabu na kuihadithia miaka hamsini. Alipokuwa mzee akawaambia waandishi kwamba namba ile aliibuni tu, maana alitaka wale vijana wamheshimu. Naipenda sana habari hii. Watu husema wenye usonji hawajali wenzao wanawaonaje. Kumbe alijali tangu mwanzo, ila hakuna aliyemwuliza.

Mwaka 1958 akamaliza chuo kikuu. Akapewa kazi katika benki ya mji, akaifanya zaidi ya miaka 60. Akajifunza kucheza gofu na kuendesha gari. Akasafiri nchi nyingi peke yake, hata Misri. Baba yake akafa mwaka 1980, mama yake mwaka 1985, naye akaendelea kukaa katika nyumba ile ile ya wazazi. Alikufa tarehe 15 Juni 2023, mwenye miaka 89. Waandishi wawili, John Donvan na Caren Zucker, walipokwenda Forest kuuliza habari zake, watu zaidi ya mmoja waliwaonya, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba wakimwumiza Don watatafutwa mpaka wapatikane. Nadhani huo ndio utunzaji.

Haki inanipasa kuongeza jambo. Benki ile ilikuwa na mkono wa ukoo wa mama yake. Familia ilikuwa na mali, tena walikuwa Wazungu, katika Mississippi ya zamani zile. Mtoto mweusi wa mji ule ule, mwenye hali ile ile, mwaka ule ule, hakuna ambaye angemwandikia Baltimore kurasa 33, na makala ya daktari ingempita. Basi tusijidanganye kwamba upendo peke yake ulitosha. Kulikuwa na upendo, na kulikuwa na nyumba, na mshahara, na watu waliokuwa na amri ya kufungua mlango. Hata Daudi hakumwambia Mefiboshethi, “Nakuhurumia.” Alimrudishia mashamba ya Sauli, akamwamuru Siba, mwenye wana 15 na watumishi 20, amlimie, na meza akampa siku zote.

Na wale wengine kumi? Kanner aliwafuatia karibu miaka thelathini baadaye, akatoa habari zao mwaka 1971. Hakuwapata wote. Donald na mwenzake mmoja walikuwa na kazi na maisha yao. Waliopelekwa katika hospitali kubwa za serikali wakaachwa huko walikuwa wamezimika. Zile akili za ajabu alizoziona utotoni zimepotea, wamekaa tu. Akasema kwamba kuingizwa mahali pale kulikuwa sawa na kifungo cha maisha. Watoto walianza karibu sawa, na nyumba walizoingia ziliwatenga.

Utafiti wa baadaye haufurahishi. Mwaka 2004 watafiti wa London walitoa habari za watu 68 waliojulikana tangu utoto, na wote hawa hawakuwa wazito sana wa akili. Zaidi ya nusu hali zao utu uzimani zilihesabiwa kuwa duni au duni sana: hawana kazi, hawana rafiki, wanakaa na wazazi au katika makao. Uingereza, nchi yenye ofisi kwa kila jambo, mwaka 2020 watu wazima wenye usonji waliokuwa na kazi yoyote walikuwa kama 22 tu kwa kila 100. Na Sweden mwaka 2016 walionyesha kwamba katika watu waliokufa ndani ya muda wa utafiti wao, wenye usonji walikufa kwa wastani wakiwa na miaka 54, na wasio nao miaka 70. Wale ambao pamoja na usonji walikuwa wazito wa kujifunza walikufa wakiwa na miaka kama 40.

Miaka arobaini! Tena si usonji wenyewe unaoua. Kifafa kina sehemu yake, na magonjwa ya kawaida ambayo hayakuonekana mapema. Na wale wenye akili nyingi, wengine hujiua wenyewe kwa upweke na kukata tamaa. Hapa nina neno kwa walezi. Mtu asiyeweza kusema mahali panapomwuma atajipiga kichwa, au atakataa chakula, nasi twasema ana ukaidi. Kumbe ni jino. Apelekwe hospitali, na aendaye naye awe mtu anayemjua. Dawa za kifafa zisikatishwe kwa sababu tumeombewa. Mwenye kuombewa na ameze dawa.

Liko jambo jingine katika utafiti, nami nalileta kwenu kwa furaha kidogo na aibu kidogo. Mwaka 2009 huko Utah, Marekani, waliwatazama watu wazima 41 ambao utotoni walikuwa na akili za kawaida au karibu na kawaida. Nusu yao walionekana wana hali njema au njema sana, kuliko ilivyotazamiwa. Hawa si sawasawa na wale 68 wa London, kwa hiyo tusipime kwa mizani moja. Lakini watafiti wenyewe walifikiri kwamba sababu mojawapo ni kanisa. Karibu wote walikuwa watu wa kanisa moja, ambalo kila mshiriki hupewa kazi na kila nyumba hutembelewa. Kwa hiyo mtu mwenye usonji alikuwa na mahali pa kwenda, na watu waliomjua tangu utoto, na jambo la kufanya siku ya Jumapili. Kanisa hilo ni la Wamormoni. Msinung'unike kwamba Padre anawasifu Wamormoni katika gazeti la Waanglikana. Bwana wetu alimsifu Msamaria kuliko kuhani.

Turudi kwa Siba, maana habari yake haikuishia mlango wa 9. Daudi alipomkimbia Absalomu, Siba alimlaki njiani na punda wawili, mikate 200, zabibu, matunda na divai. Mtu mwema! Mfalme akamwuliza, bwana wako yuko wapi? Siba akasema amebaki mjini akitazamia kuurudia ufalme wa babu yake. Papo hapo Daudi akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi. Hakumsikiliza mwenyewe. Ilipofika mlango wa 19 ndipo mwenyewe akatokea, miguu haikutunzwa, ndevu hazikukatwa, nguo hazikufuliwa tangu mfalme alipoondoka, akaeleza kwamba alitaka kutandikiwa punda afuatane na mfalme, na mtumishi wake akamhadaa na kumsingizia.

Kina Siba tunao. Si wanyang'anyi wa usiku. Ni baba mdogo, ni dada mkubwa, ni jirani mwenye maneno matamu msibani. Mama amekwisha kuzikwa, arobaini imepita, na shamba la minazi la yule “asiyejijua” linalimwa na mwingine, naye mwenyewe analala ukumbini. Hakuna aliyeiba, kila mmoja anasaidia. Wazazi, andikeni wosia. Wosia si uchuro. Andikeni nani atakaa naye, nani atashika mali, na nani mwingine atamkagua huyo ashikaye mali, maana mlezi na mshika fedha wasiwe mtu mmoja. Ofisi ya RITA husaidia kuandika wosia na kuutunza. Na andikeni pia mambo madogo ambayo ninyi peke yenu mnayajua: kwamba hali ndizi zilizoiva sana, kwamba akishika masikio maana yake anataka kutoka, kwamba hulala taa ikiwaka. Mfalme hakujua lolote la Mefiboshethi ila aliloambiwa na Siba. Mwulizeni na mwenyewe. Asiyesema ana njia ya kuchagua kama mkimpa muda. Huonyesha kwa mkono, kwa picha, kwa kukaa au kuondoka.

Na sisi Kanisa, meza ya mfalme tunayo. Nimesikia ikisemwa kwamba fulani hawezi kupata Kipaimara wala kushiriki kwa sababu hawezi kusema Imani ya Mitume. Alipobatizwa hakuisema pia. Wasimamizi waliisema kwa ajili yake, na wajibu wao haukwisha alipoota ndevu. Wako wapi wasimamizi wale? Kama yuko mtu mzima wa namna hii nyumbani kwenu, nijulisheni, nitakuja. Ataandaliwa kwa namna yake, tutamzoeza mahali na mikono na kikombe polepole, siku ya kazi kanisa likiwa tupu, ili Jumapili asishtuke.

Vile vipaza sauti tulivyonunua mwaka jana vimemfukuza kanisani mtu mmoja ninayemjua, pengine na wengine. Misa ya kwanza tutasali bila vipaza sauti kuanzia Jumapili ijayo. Kwaya wameniuliza kama watasikika. Kanisa letu lina mita ishirini. Babu zao walisikika.

Kazi pia ziko. Yuko mtu awezaye kupanga vitabu vya nyimbo kwa namba bila kukosea hata kimoja, na ambaye asipovikuta mahali pake atavirudisha. Yuko awezaye kugonga kengele kwa saa kuliko mgonga kengele wetu wa sasa, ambaye natumaini anasoma gazeti hili. Lakini kazi inayolipwa kwa wengine ilipwe kwake pia. Tusimpe mtu kazi ya bure miaka ishirini tukaiita huduma.

Nimebakiza mtu mmoja wa somo letu ambaye kwa kawaida hatajwi. Kabla ya mfalme kukumbuka, nani alikuwa anamlisha Mefiboshethi? Maandiko yasema alikuwa katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli. Hatuambiwi aliombwa na nani. Kumweka mjukuu wa Sauli nyumbani wakati Daudi anatawala halikuwa jambo la salama. Alimweka tu, miaka mingi, na ni huko alikotoka mtu mzima mwenye mwana. Kisha katika mlango wa 17, Daudi akiwa mkimbizi huko Mahanaimu, amechoka, ana njaa, wanamjia watu watatu na vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, kunde, asali na siagi. Mmoja wao ni Makiri wa Lo-debari.

Katika mtaa huu ninajua nyumba nne zenye mtu mzima wa hali hii ambaye mlezi wake amepita miaka sitini. Daftari liko sakristia. Natafuta watu watatu kwa kila nyumba, kumi na wawili kwa jumla, wa kwenda kula chakula cha mchana huko mara moja kwa mwezi, watu wale wale kila mwezi, ili siku mlezi atakapoondoka wawepo watu watatu ambao kijana anawafahamu kwa sura na sauti, naye amezoea kula nao. Msilete zawadi, leteni chakula mlichopika kwenu. Kabla ya kwenda mara ya kwanza, mje Alhamisi baada ya Masifu ya jioni, Mama wa Umoja watawaeleza kila nyumba ina desturi gani. Nyumba ya karibu na kisima, msipige hodi kwa nguvu; simameni uani mpaka atoke mwenyewe kuwatazama.